Jinsi ya Kudunga Insulini Nyumbani Ikafanya Kazi: Mwongozo Kamili wa Kichupa na Bomba

Malalamiko ni yale yale. Mgonjwa wa kisukari amepewa insulini, anajidunga kila siku bila kukosa, na bado kipimo chake cha sukari kinasoma juu leo, kesho kinashuka hadi anatetemeka. Anayelaumiwa kwanza ni dawa, kisha chakula, kisha daktari. Ukimwomba akuonyeshe anavyofanya, kosa huonekana ndani ya dakika mbili: amevuta hewa pamoja na dawa, amedunga pale pale alipodunga mwezi mzima, au amedunga sasa na hatakula mpaka baada ya saa mbili.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, na kwa ajili ya ndugu anayemdunga mgonjwa asiyeweza kujidunga mwenyewe. Unahusu insulini ya kichupa inayovutwa kwa bomba. Wanaotumia kalamu ya insulini, yaani kifaa chenye umbo la kalamu kilichobeba dawa ndani yake, watakuta sehemu yao fupi huko mbele. Idadi ya yuniti (vipimo vya dozi ya insulini), aina ya insulini na saa za kudunga hupangwa na daktari wako, na hapa hatuzigusi. Tunachoshughulikia ni kuhakikisha kwamba kile alichokiandika ndicho kinachoingia mwilini.

Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

- Kichupa cha insulini uliyoandikiwa, lebo yake ikisomeka vizuri.
- Bomba la insulini lenye alama za yuniti, linalolingana na nguvu ya dawa iliyomo kichupani. Bomba la kawaida la mililita halifai hata kidogo.
- Glukometa, yaani kifaa cha kupimia sukari ya damu, vijiti vyake vya kupimia na kisindano cha kutobolea kidole.
- Sabuni, maji na kitambaa safi cha kukaushia mikono.
- Sukari ya dharura: vijiko vinne vya chai vya sukari, au juisi tamu kiasi cha nusu kikombe. Iwe mahali unapoweza kuifikia hata ukiwa huna nguvu za kusimama.
- Chombo kigumu cha plastiki chenye kifuniko, cha kutupia sindano zilizotumika.
- Daftari na kalamu ya kuandikia.

Pamba yenye spiriti si ya lazima kwa ngozi iliyooshwa kwa sabuni. Ukiitumia, subiri spiriti ikauke kabisa, kwani sindano inayopita kwenye spiriti mbichi huwasha, na wengi hudhani kwamba kinachowaumiza ni dawa.

Kinachotendeka mwilini

Wanga tunaokula husagwa ukawa glukosi, yaani sukari, na kuingia katika damu. Hapo kongosho, iliyo nyuma ya mfuko wa chakula, hutoa insulini kutoka katika seli zake ziitwazo seli za beta. Insulini hiyo ina kazi kubwa mbili. Huzifungulia njia seli za misuli na za mafuta ili glukosi iingie humo, na huliamuru ini liache kumwaga sukari yake katika damu na badala yake lihifadhi iliyozidi. Watu wengi wanaijua kazi ya kwanza tu, kumbe ya pili ndiyo inayoeleza kwa nini sukari inaweza kupanda usiku kucha bila mtu kuonja kitu: ini halijaamriwa liache.

Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili yenyewe huziangamiza seli za beta, hivyo insulini hukosekana karibu yote. Katika aina ya pili, insulini huwepo lakini seli huwa nzito kuiitikia. Kongosho hulazimika kutoa zaidi na zaidi, na baada ya miaka huanza kushindwa. Sukari ikipita takriban miligramu 180 kwa desilita ya damu (milimoli 10 kwa lita), figo haziwezi tena kuirudisha yote, hivyo hutoka na mkojo ikiburuta maji mengi. Ndiyo asili ya kiu isiyokatika na safari za msalani usiku.

Haiwezi kumezwa kama kidonge cha kawaida kwa sababu insulini ni protini, na tumbo lingeimeng'enya kama linavyomeng'enya protini nyingine zozote. Kwa hiyo hudungwa katika mafuta yaliyo chini ya ngozi, nayo hufyonzwa taratibu kuingia katika damu.

Jambo la kushika kuliko yote ni hili: kongosho nzima hupima sukari kwanza, ndipo itoe insulini, na sukari ikishuka hupunguza. Insulini ya sindano haipimi chochote. Ikishaingia itafanya kazi kwa saa zake zote, uwe umekula au hukula, sukari iwe 300 au 60. Kazi ya kupima sasa ni yako, na karibu kila hatua inayofuata imetokana na hilo.

Hatua ya 1: Ijue insulini yako, saa zake na nguvu yake

Soma jina lililo kwenye lebo kila mara, hata kama kichupa ni kile kile cha jana, hasa ikiwa unatumia aina mbili.

Insulini ya kasi, kama lispro na aspati, huanza kazi ndani ya dakika 10 hadi 15 na kuisha baada ya saa 3 hadi 5. Insulini ya kawaida, iliyo angavu kama maji, huanza baada ya dakika 30 hivi, hufikia kilele kati ya saa 2 na 4, na hudumu saa 5 hadi 8. NPH, yenye rangi ya maziwa, huanza baada ya saa 1 hadi 2 au zaidi, kilele chake huwa takriban kati ya saa 4 na 10, na huweza kudumu hadi saa 18. Glajini ni angavu pia, lakini hutoka polepole kwa muda wa karibu siku nzima bila kilele kikubwa. Ipo vilevile iliyokwisha kuchanganywa kiwandani, mathalani 30 kwa 70, ambayo ina tabia za zote mbili.

Saa hizi zina maana kubwa. Anayedunga NPH saa 2 usiku atakuwa katika kilele chake kati ya saa 6 usiku na saa 12 asubuhi, wakati amelala. Akiamka shuka imelowa jasho na kichwa kinauma, asiharakishe kulaumu joto la chumba. Apime sukari usiku wa manane siku inayofuata na amweleze daktari.

Tahadhari kuhusu nguvu. Insulini nyingi ina yuniti 100 katika kila mililita, lakini katika baadhi ya nchi ipo ya yuniti 40. Bomba lazima lifanane na dawa. Ukiivuta dawa ya yuniti 100 kwa bomba la yuniti 40 mpaka alama ya 20, umevuta nusu mililita, yaani yuniti 50. Hiyo ni mara mbili na nusu ya dozi, na inaweza kuua.

Hesabu pia thamani ya kila mstari. Katika mabomba mengi ya mililita 1, mstari mmoja ni yuniti 2. Katika mabomba ya nusu mililita, mstari mmoja ni yuniti 1. Nimekaa na mama mmoja aliyebadilishiwa bomba dogo akapewa kubwa, naye akaendelea kuhesabu mistari 15 kama alivyozoea. Alikuwa akijidunga yuniti 30, akila zaidi kila alipotetemeka, na kushangaa kwamba ananenepa. Soma namba zilizochapwa kwenye bomba, usihesabu mistari.

Umefaulu ikiwa unaweza kumwambia mtu mwingine, bila kutazama popote, jina la insulini yako, nguvu yake na saa inapokuwa kileleni.

Hatua ya 2: Kagua kichupa

Vichupa ambavyo havijafunguliwa huhifadhiwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, mbali na sehemu ya barafu. Insulini iliyoganda tupa, hata kama imeyeyuka na kuonekana nzuri, kwa sababu protini yake imeharibika. Kichupa kinachotumika kinaweza kukaa nje ya friji mahali pa kivuli pasipozidi nyuzi 25 au 30, kwa kadiri karatasi yake inavyosema, kwa muda wa kawaida wa siku 28. Andika tarehe ya kukifungua kwenye lebo siku hiyo hiyo. Usikiache ndani ya gari lililoegeshwa juani wala kando ya jiko.

Insulini angavu ikiwa na ukungu, rangi au chembechembe, imeharibika. Ya maziwa ikiwa na mabonge yasiyotawanyika, au utando mweupe ulioganda kwenye kioo kama umande mzito, nayo imeharibika.

Ile ya maziwa lazima ichanganyike kabla ya kuvutwa, maana ikitulia dawa huzama chini na juu hubaki maji. Asiyeichanganya huvuta dozi dhaifu leo na dozi kali kichupa kinapokaribia kwisha. Kizungushe kati ya viganja mara 10, kisha kigeuze juu chini taratibu mara 10, mpaka rangi iwe moja kotekote. Usikitikise kwa nguvu, kitajaa povu.

Hatua ya 3: Pima sukari

Osha mikono kwa sabuni na kuikausha. Kidole kilichotoka kumenya tunda kina sukari ya kutosha kudanganya glukometa, na mtu akajidunga kwa ajili ya sukari iliyokuwa kidoleni. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole, ambako hakuumi sana kama katikati.

Kwa watu wazima wengi, lengo kabla ya kula ni miligramu 80 hadi 130 (milimoli 4.4 hadi 7.2), ingawa daktari anaweza kukupangia jingine kwa sababu ya umri, ujauzito au maradhi mengine. Ikiwa kipimo ni chini ya 70 (3.9), usidunge. Tibu kwanza kushuka huko kwa namna iliyoelezwa baada ya hatua ya 7.

Hatua ya 4: Vuta dozi

Hapa ndipo penye makosa mengi, basi tuende polepole. Chukua mfano wa yuniti 20.

Futa kizibo cha mpira cha kichupa kwa pamba yenye spiriti. Vuta kisukumio, yaani ile sehemu ya bomba inayovutwa na kusukumwa, mpaka alama ya 20 ili bomba lijae hewa. Kichupa kikiwa kimesimama mezani, toboa kizibo na kuisukuma hewa hiyo yote ndani. Watu huiruka hatua hii wakiona haina maana, lakini kila unapovuta dawa bila kuingiza hewa, mvuto hubaki ndani ya kichupa. Baada ya siku chache kisukumio kinarudi chenyewe na dozi haitimii.

Sasa geuza kichupa juu chini sindano ikiwa bado ndani, ukiinua mpaka kiwe usawa wa macho. Hakikisha ncha ya sindano imezama katika dawa. Vuta kupita kidogo alama ya 20.

Tazama bomba dhidi ya mwanga. Kiputo cha hewa hujificha chini ya shingo ya bomba, king'avu, kidogo kama punje. Gonga bomba kwa ukucha mpaka kipande juu, kisha kirudishe kichupani na kusawazisha mpaka ukingo wa juu wa mpira mweusi, ule ulio upande wa sindano, uguse 20 barabara. Kiputo hicho hakitakudhuru chini ya ngozi. Madhara yake ni kwamba kimekaa mahali pa dawa, na kiputo kikubwa kinaweza kukunyima yuniti kadhaa bila wewe kujua.

Ikiwa umeagizwa kuchanganya ya angavu na ya maziwa katika bomba moja, ingiza hewa kwenye kichupa cha maziwa kwanza bila sindano kugusa dawa, itoe. Ingiza hewa kwenye kichupa cha angavu na uvute dozi yake. Kisha ndipo uvute ya maziwa mpaka jumla itimie. Ya angavu hutangulia ili tone la maziwa lisije likaingia katika kichupa chake na kuichelewesha. Ukivuta ya maziwa kupita kiasi, usirudishe. Tupa yote uanze upya. Glajini haichanganywi na insulini yoyote.

Umefaulu ikiwa bomba halina kiputo na mtu mwingine akilisoma anataja namba ile ile.

Hatua ya 5: Chagua mahali

Sehemu zinazofaa ni nne: tumbo, upana wa vidole viwili au zaidi kutoka kitovuni, paja, upande wa mbele na wa nje, sehemu ya juu ya nje ya tako, na nyuma ya mkono wa juu. Tumbo hufyonza haraka zaidi, paja na tako polepole. Kwa hiyo insulini ya kawaida ya kabla ya mlo huelekezwa tumboni, na NPH ya usiku hufaa pajani au takoni. Kinachovuruga vipimo ni kurukaruka: asubuhi ya leo tumboni, asubuhi ya kesho pajani. Saa moja ya siku iwe na sehemu moja.

Ndani ya sehemu hiyo, hata hivyo, usirudie tundu. Insulini ikidungwa mahali pamoja kwa wiki na miezi hukuza mafuta yakawa uvimbe laini unaobonyea kama mpira. Uvimbe huo una hila yake: hauumi sana kudungwa, na ndiyo maana wagonjwa huupenda. Lakini dawa iliyoingia humo hutoka kwa kigeugeu, leo nusu, kesho yote kwa mpigo. Nimeshuhudia uvimbe wa ukubwa wa limau upande wa kushoto wa kitovu, na katikati yake alama za sindano zimesongamana kama nukta za kalamu. Mwenyewe alikuwa akitumia mkono wa kulia na hakuwahi kufikiria kuvuka upande wa pili.

Ligawe tumbo robo nne na utumie robo moja kwa wiki, kila tundu likiwa upana wa kidole kutoka la jana. Mara moja kwa wiki papasa ngozi kwa vidole vyenye sabuni, maana uvimbe mdogo huhisiwa kabla ya kuonekana.

Tahadhari: ukigundua uvimbe, usihamie ngozi nzima ghafla na dozi ile ile bila kumwambia daktari. Dawa iliyokuwa ikipotea sasa itafanya kazi yote, na sukari inaweza kuporomoka.

Hatua ya 6: Dunga

Shika mkunjo wa ngozi na mafuta yake kwa kidole gumba na cha shahada, bila kubana msuli. Ingiza sindano kwa mara moja, wima kabisa. Aliye mwembamba sana au mtoto ailaze nusu, kiasi cha nyuzi 45. Lengo ni mafuta. Sindano ikifika kwenye msuli, dawa hufyonzwa haraka na sukari hushuka kabla ya wakati wake.

Sukuma taratibu mpaka mwisho, hesabu hadi 10, toa sindano, ndipo uachie mkunjo. Usisugue. Kusugua, maji ya moto na mazoezi ya kiungo kile kile huharakisha dawa, kwa hiyo anayekwenda kukimbia asidunge pajani.

Tone la damu si neno; bonyeza kidogo kwa pamba. Tone la dawa likionekana juu ya ngozi, usiongeze dozi kwa kukisia. Andika tu daftarini, na safari ijayo kaa muda mrefu zaidi kabla ya kuitoa sindano.

Hatua ya 7: Kula kwa wakati

Insulini ya kawaida hudungwa dakika 30 kabla ya mlo, na ya kasi ndani ya dakika 15. Chakula kiwe kimeshaiva kabla hujadunga. Usikubali kuitiwa mlo ambao bado uko jikoni, kwa maana insulini iliyokwisha kuingia hairudishwi.

Sukari ikishuka

Dalili ni jasho jembamba, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, hasira isiyo na sababu, na macho kuona kiwi. Ukiweza, pima, usipoweza, chukulia kwamba imeshuka. Tumia gramu 15 za sukari, yaani vile vijiko vinne vilivyokorogwa katika maji au ile juisi, subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado iko chini ya 70, rudia. Ikipanda, kula kitu cha kushikilia. Chokoleti haifai kwa dharura kwa kuwa mafuta yake huchelewesha sukari.

Aliyezimia asitiwe kitu chochote mdomoni, asije akapaliwa. Mlaze kwa ubavu, mdunge glukagoni, dawa ya kupandisha sukari, ikiwepo na mmefundishwa, na kumkimbiza hospitali mara moja.

Siku ya homa na kutapika

Mwenye kisukari cha aina ya kwanza haachi insulini kwa sababu hajala. Ugonjwa wenyewe hulifanya ini limwage sukari, na mwili usio na insulini huanza kuchoma mafuta ukazalisha ketoni, ambazo hutia asidi katika damu. Kutapika kusikokoma, maumivu ya tumbo, pumzi nzito za haraka na harufu kama ya tunda lililoiva kupita kiasi ni dalili za kwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa wanaotumia kalamu

Weka sindano mpya, zungusha yuniti 2 na kuzifyatua hewani mpaka tone litokeze nchani, ndipo uweke dozi. Kwa sindano ya milimita 4, mtu mzima kwa kawaida hahitaji kukunja ngozi. Ng'oa sindano baada ya kila matumizi, la sivyo hewa huingia na dawa huvuja. Kalamu moja ni ya mtu mmoja hata sindano ikibadilishwa, kwa kuwa damu huweza kurudi ndani yake.

Hatua ya 8: Tupa sindano na usome daftari

Sindano iliyotumika huingia moja kwa moja katika chombo kigumu. Kikijaa robo tatu, kifunge na kukipeleka kituo cha afya.

Daftarini andika saa, kipimo, yuniti, mahali ulipodunga na saa uliyokula. Baada ya wiki mbili, soma kwa kwenda chini: safu ya asubuhi peke yake, safu ya mchana peke yake. Kipimo cha kuamka kwa kawaida kinaisema insulini ya usiku; kipimo cha kabla ya mlo wa mchana kinaisema ya asubuhi. Namba zikiwa juu kila siku saa ile ile, huenda dozi ndiyo inayohitaji kuangaliwa. Zikiwa juu na chini bila mpangilio, rudi hatua ya 4 na ya 5 kwanza.

Siku ya kliniki nenda na daftari hilo, kichupa chako na bomba lako mwenyewe, na umwombe muuguzi akutazame ukivuta dozi mbele yake, bila kukuongoza.